Alfajiri za Kumgeuza Shemeji

Shemeji yangu ni mrefu na mzito, na tangu kiharusi kimlaze hageuki kitandani mpaka ageuzwe. Kumgeuza kunataka watu wawili, mmoja bega, mwingine nyonga, mnavuta kwa pamoja. Mdogo wangu, ambaye ndiye mke wake, ni mwembamba, peke yake hamuwezi. Kwa hiyo kila alfajiri nilikuwa natoka kwangu, napita walipoanika dagaa, nabisha hodi kwao hapa hapa Igombe. Tunamgeuza, tunamwosha, tunampaka mafuta. Sikuwahi hata kuiona kuwa ni kazi.

Kisha nikaanza kukimbia.

Aliyenianzisha ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambaye ninaishi naye. Huyo mtoto anakimbia jamani! Akipita barabarani hata mbwa wanaacha kubweka. Nimemlea mimi, kwa uji wa mtama na sato, kwa hiyo miguu ile na mimi nina sehemu yangu mle. Presha yangu ilipopanda nesi akaniambia nitembee. Mjukuu akasema, "Bibi, wewe ukitembea utakuta watu wa kupiga nao stori. Twende tukimbie." Akaniletea raba za kijani, kijani cha kupiga kelele. Nikafunga kitenge juu ya traksuti, tukatoka.

Watoto wa shule walikuwa wananifuata nyuma.

"Shikamoo bibi! Nani anakufukuza?"

"Marahaba. Ni mimi ninayemfukuza babu yako. Kapita wapi?"

Basi wanacheka mpaka madaftari yanadondoka. Na mimi nacheka. Mwili ukawa mwepesi, usingizi ukarudi. Tangu mume wangu afariki nilikuwa naamka kwa sababu kumekucha tu. Sasa nikawa naamka kwa hamu. Mjukuu akasema tutaingia marathoni ya mjini, yeye ile ndefu yote, mimi nusu. Nikasema sawa. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo. Kanisani nilikuwa nakaa mbele ili wanione nilivyopungua.

Mazoezi yakarefuka. Tukawa tunakwenda mpaka kule karibu na uwanja wa ndege na kurudi, na jua la Mwanza halina huruma, lazima utoke kabla halijachomoza. Sasa alfajiri ni moja. Huwezi kuikata vipande viwili kama andazi. Nikaanza kumwambia mdogo wangu, "Nakuja nikirudi." Ananijibu, "Haya, dada." Huyo tangu utotoni ni mtu wa haya. Nikichelewa sana ananiambia ameshamgeuza. Nikaamini. Mikono ile ingemgeuza yule mwanamume? Niliamini kwa sababu ilinifaa.

Siku moja nilifika jasho bado linanitiririka, tukamlaza ubavu nimwoshe mgongo. Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Halafu nikaona, chini ya kiuno, nyama imefunguka, nyekundu.

"Tangu lini?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Tangu mlipoanza kwenda kule mbali."

"Na hukuniambia?"

Alikuwa anakamua kitambaa. Akakikamua mpaka kikakauka. "Ulikuwa unacheka, dada. Tangu mumeo afe sijakuona ukicheka."

Afadhali angenizaba kibao.

Nikamgeukia mgonjwa mwenyewe. "Shemeji, nisamehe."

Hapo nilikosea, na kila mtu wa kwetu angejua nimekosea. Shemeji ni mtani. Tangu siku aliyokuja kumposa mdogo wangu tumetukanana, tumeibiana kuku, na hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake radhi. Mtani haombwi msamaha. Ukimwomba ni kama umemwambia kuwa mambo yake yameisha.

Akanitazama kwa lile jicho zima. Maneno yake siku hizi yanatoka upande mmoja wa mdomo. "Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi nitukane."

Nikachukua kitambaa kwa mdogo wangu, nikaanza kuosha.

"Nitukane, mwanamke!"

"Umelala hapo kama kiboko," nikasema, "hata kiboko huwa anatoka jioni kula majani."

Akacheka, mwili wote ukatikisika, nami nikaendelea kuosha kidonda nikilia chinichini. Yeye kacheka, yamekwisha. Kwangu hayakwisha. Angenisamehe ningepumua; alinichekea, nikabaki nayo.

Nikatangaza kwamba naacha kukimbia. Akasema, "Acha uone. Nitawaambia watu wote wanawake wa ukoo wenu ni wavivu. Huyu mdogo wako namrudisha, na ng'ombe wangu nawataka, na ndama zao."

Tangu hapo nikawa namgeuza kwanza, nakimbia baadaye juani. Kidonda kikaanza kufunga, polepole mno.

Jumamosi ya kuamkia mbio nilikwenda kulala mjini kwa binti yangu, maana mguu wangu hautaki haraka asubuhi. Mjukuu angenifuata na bodaboda. Mdogo wangu alisema jirani atamsaidia, nisiwe na wasiwasi. Haya.

Kulipokucha nimesimama na wenzangu tukingoja kuanza, namtafuta mjukuu kwa macho, simu ikaita.

"Bibi, mimi sipo huko. Bibi mdogo kaamka na homa, hawezi hata kusimama. Nilikuwa natoka akanipigia. Babu tumeshamgeuza, mimi na jirani."

"Kwa nini hakunipigia mimi?"

Akasema, "Bibi, si wanakaribia kuanza?"

Alijua. Mdogo wangu alimpigia mtu ambaye alikuwa na hakika atakuja.

Bodaboda zilikuwa zimejaa pale pembeni. Ningenyoosha mkono tu. Honi ikalia, watu wakaondoka, na mimi nikaondoka nao. Sitasema nilisukumwa. Na ile barabara ya ziwani, watu wakipiga makofi, "Bibi! Bibi! Kaza!", nilifurahi. Nilifurahi kabisa. Kwa kitambo sikumkumbuka hata mmoja wao, na hiyo ndiyo inayonitafuna mpaka leo, kuliko hata kidonda.

Niliporudi Igombe sikuingia kwangu. Nilimkuta mjukuu uani kwa mdogo wangu anafua mashuka, namba ya mbio bado imebanwa kifuani, imelowa, wino umeanza kuchuja. Miguu ile, mabega yale, na beseni. Akanipa ncha moja ya shuka, akaushika upande wa pili.

"Kamua, bibi. Usilegee."

Tukakamua.