Maumivu Yake Aliyaandika Tatu

Msellem wa Mtambile hakuwa mtu wa kukaa. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa baiskeli, na baadaye vespa na pikipiki, na hata siku isiyo na kazi utamkuta kachuchumaa mbele ya banda lake anasugua kitu. Mkewe, Mwanakhamis, alikuwa akisema kwamba mumewe huyu angefungwa kamba kwenye kiti, angeondoka na kiti.

Mwanakhamis aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Walikwenda Dar es Salaam, akachomwa mionzi, akatiwa dawa za mishipani, wakakaa miezi mitano kwa jamaa. Mwisho daktari akawaita wote wawili akawaambia kwa upole kwamba maradhi yamekwisha kusambaa. Lililobaki ni kumpunguzia mateso, na hilo linaweza kufanyika kwao.

"Rudini Pemba," alisema. "Kuna wauguzi Chake Chake wanawafuatilia wagonjwa kwa simu. Mtakuwa nyumbani, lakini hamtakuwa peke yenu."

Ndivyo ilivyokuwa. Muuguzi mmoja, Maliha, mtoto wa wenye duka la vitambaa pale Chake, alikuja na mkoba. Ndani mlikuwa na kipimajoto, mashine ya presha, kibanio kidogo cha kuvisha kidoleni kinachoonyesha hewa iliyomo katika damu na mapigo ya moyo, na simu iliyokwisha kuwekewa maswali. Kila asubuhi, na kila baada ya sala ya alasiri, wapime na watume. Swali la mwisho lilikuwa la maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi.

"Hili halina mashine, Mzee Msellem," Maliha alimwambia. "Hili lazima aseme mwenyewe."

Msellem akaupokea mkoba ule kama aliyekuwa akiungoja maisha yake yote. Hatimaye kapata kitu cha kufanya. Alipima mara mbili kwa siku kama alivyoagizwa, kisha mara nne, kisha kila alipopita mlangoni. Kidole cha Mwanakhamis kikabaki na alama ya kibanio. Joto likipanda nukta mbili, anatoka nje, anarudi, anapima tena.

"Baba Talib," mkewe alimwambia siku moja, "niachie mkono wangu nile uji."

Na kila alipofika swali la mwisho, Mwanakhamis alijibu lile lile. "Andika tatu."

Tatu Jumamosi, tatu Jumapili, tatu wiki nzima na wiki ya pili. Kule Chake Maliha aliziona namba zake akamwombea dua, akapiga simu kwa wagonjwa waliozidiwa.

Asubuhi moja Msellem alisahau spana nyumbani, akarudi kuichukua. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi nusu. Mwanakhamis alikuwa amepiga magoti chini, paji la uso kaliegemeza kwenye godoro, pindo la kanga kaliuma kwa meno. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho, naye akijitikisa mbele na nyuma bila ya kutoa sauti.

Msellem akarudi nyuma mpaka uani. Akasimama. Kisha akakohoa kwa nguvu, akaburura viatu, akahesabu kimoyomoyo hata alipodhani muda umetosha. Alipoingia alimkuta mkewe kakaa kitako kitandani, kanga kajifunga vizuri.

"Umerudi kunipima?" akamuuliza.

"Hapana. Nimefuata spana. Vipi hali?"

"Alhamdulillahi. Andika tatu."

Akaandika tatu.

Siku ile hakutengeneza kitu kikatengenezeka. Alifunga cheni ya mtu kinyume, akaifungua, akaifunga tena vile vile. Alikwenda msikitini mapema kuliko mwadhini, akatoka, akaenda mpaka njia panda na kurudi. Kila alipokaa aliiona ile kanga mdomoni. Lakini akiwaza kumwambia "nimekuona," ulimi unakuwa mzito, kwa sababu mwanamke yule alikuwa amejificha, na aliyejificha hafunuliwi na mumewe.

Alasiri akapima kama kawaida. "Andika tatu," Mwanakhamis akasema. Msellem akaikamata simu kwa mikono miwili, akaandika nane.

Haikupita robo saa, ikalia.

"Mzee Msellem," ilikuwa sauti ya Maliha, "umekosea au ndivyo?"

"Ndivyo."

"Kasema mwenyewe?"

Msellem alimtazama mkewe, naye keshaanza kufahamu. "Hakusema. Nimemwona."

"Nipe nizungumze naye."

Mwanakhamis aliipokea simu bila ya kumwangalia mumewe. Maliha hakumuuliza namba. Alimuuliza, "Bi Mwanakhamis, leo umesali umesimama au umekaa?"

Kwa habari ya sala Mwanakhamis hakuweza kudanganya.

"Nimesali kwa kulala," akasema. "Siku ya nne hii."

"Mbona hukutwambia, mama?"

"Kwa sababu nnaijua dawa munayoileta. Jirani yetu hapa aliletewa chupa ile, haikutimia wiki tukenda kumzika."

Maliha alikuja kesho yake asubuhi. Akakaa nao chumbani, chupa ya morfini kaiweka wazi mbele yao. Akaeleza kwamba jirani yule aliletewa dawa akiwa keshafika ukingoni, na kilichomchukua ni maradhi, siyo chupa. Akaonyesha kiasi, tone kwa tone.

"Ukitwambia tatu," alisema, "mie kule nnatulia, nnajua Bi Mwanakhamis hana neno. Kumbe unateketea."

Mwanakhamis akainywa. Kwa mumewe hakusema kitu, siku ile wala ya pili.

Mchana ule alilala. Msellem alimvisha kibanio, akakivua, akakivisha. Mara ya saba akampigia Maliha.

"Amelala."

"Anapumua?"

"Anapumua. Namba nzuri."

"Basi muache alale, mzee wangu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka aamke."

Siku ya tatu Mwanakhamis ndiye aliyeanza. "Miaka thelathini na mbili hujapata kunisemea, hata kwa mama yako. Juzi ukanisemea."

"Nilishindwa, Mama Talib."

"Nami nilikuwa nnakuonea huruma wewe. Dar ulizunguka ukumbini mwa hospitali hata walinzi wakakuuliza umepoteza nini. Nikasema nikitaja kubwa, watanichukua kunilaza Chake, uanze tena kuzunguka."

Msellem alishika komeo la dirisha, akaliachia.

"Nataka kwenda Chokocho kwa Moza," mkewe akasema.

Moza alikuwa dada yake. Msellem akapiga simu kuuliza kama vipimo vinaweza kutumwa kutoka Chokocho, akaambiwa vinaweza kutumwa kutoka popote penye mtandao. Wakakodi gari. Moza aliwapokea kwa mchuzi wa changu na ndimu, akamtandikia dada yake ukumbini penye upepo, na wanawake wale wawili wakazungumza kutwa nzima, wakacheka habari za watu waliokwisha kufa zamani. Msellem akasimama, akakaa, akaenda kuangalia gari, akarudi. Alasiri mkewe alimwambia, "Andika tano," naye akaandika tano, na ilikuwa kweli.

Mkewe aliishi wiki kumi na moja baada ya hapo. Namba zilipanda na kushuka, na kila zilipopanda Maliha alipiga simu akawaambia waongeze kiasi gani, na mara mbili akaja mwenyewe. Mwanakhamis alifariki Alhamisi asubuhi, kitandani mwake Mtambile, Moza anamsomea Yasini, na Msellem kamshika mguu kwa sababu mikono yote miwili Moza alikuwa keshaishika.

Habari ya ile nane aliyoiandika hawakuizungumza tena. Kama mkewe alimsamehe, hakutamka, na Msellem hakuuliza, akiogopa jibu. Siku hizi, akisha kusali alfajiri, anatoka Mtambile kwa miguu mpaka Chokocho kumjulia hali Moza. Anafika jua limepanda, anapewa chai, hamalizi kikombe, anaaga.