Rola za Shemeji na Doa la Mfukoni

Nikiwaambia hii msicheke sana, maana mpaka leo naona aibu kupita Kanduyi mchana, na kama si mke wangu kuwasimulia watu nusu yake kanisani (nusu ile mbaya) ningekaa nayo kimya mpaka nizeeke.

Mimi ni mtu wa stoo katika kiwanda kidogo cha sigara hapa Kitale, na mnajua nina ugonjwa wa kushuku watu, hata maziwa ya jirani nayaonja mbele yake kabla sijayapokea. Sasa, mashine ya sigara ina rola ndogondogo za kupitisha karatasi, na kwa sababu pale kuna gundi na unyevu kutwa nzima, lazima ziwe za stenlesi, chuma kisichoshika kutu, la sivyo sigara zinatoka na madoa na mzigo wote unatupwa. Fundi wa kuzikereza tulikosa, basi mimi nikamtaja Simiyu wa Bungoma, kaka mkubwa wa mke wangu, nikamwapia Madam Chebet, mkuu wa mitambo, kwamba huyo kazi yake haina mchezo.

Rola kumi na mbili zikafika Ijumaa. Zilikuwa nzuri ila hazikung'aa vile nilitaka, na Madam angezikagua Jumatatu, kwa hivyo nikaona nimfanyie shemeji hisani (hapa ndipo nilipojichimbia). Nikanunua dukani ule waya laini wa kusugulia sufuria, nikazisugua mpaka nikajiona uso, nikazisuuza, nikafunga stoo.

Jumatatu nafungua, zote zina vidoadoa vya kutu kama mtu aliyeugua tetekuwanga. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba Simiyu ametuuzia chuma cha kawaida. La pili ndilo lilinitia baridi: watasema nimekula naye. Nikatafuta sumaku ya spika mbovu, maana stenlesi ya aina ile haishikwi na sumaku, na kweli haikushika hata rola moja. Mwenye akili angetulia hapo. Mimi nikasema ahaa, kumbe huyu ni mjanja, amezipaka kitu. (Ndiyo, nilishuku hata sumaku.)

Ningempigia simu. Sikupiga, nikaogopa atapata nafasi ya kupanga maneno, nikaenda moja kwa moja kwa Madam nikamwambia mimi niko upande wa kampuni, undugu kando, twende tumfumanie. Saa tano tulikuwa Kanduyi, pale Bungoma, kwenye karakana ya Simiyu.

Karakana ilikuwa imejaa wateja, mama mmoja na cherehani yake, wanaume wawili na shafti ya kinu cha mahindi, na mzee wa kanisa la shemeji. Nikamwaga rola mezani na kusema kwa sauti ya kufika barabarani, "Fundi, elezea hawa watu ni nini hii ulituuzia." Hata shemeji sikumwita, na kwetu mtu hampandishii sauti kaka mkubwa wa mke wake, hata awe amekukosea kweli. Yule mama akasonya.

Simiyu akachukua rola moja, akaikwaruza kwa ukucha. "Mulamwa," akasema polepole, yaani shemeji kwa lugha ya kwao, "hii vyuma mulisugua na nini?"

"Wacha kuhepa swali bana."

"Siulizi kwa ubaya. Mulisugua?"

Nikafungua mdomo nikane. Lakini Madam alikuwa akiangalia mfuko wa dastikoti yangu, lile koti la kazi. "Na hiyo ni nini?" akauliza. Kipande cha ule waya nilikisahau mfukoni tangu Ijumaa, kikiwa na maji, na kilikuwa kimeshika kutu mpaka kikachora doa kubwa kama kiganja. Nilikuwa nimesafiri na ushahidi wangu mwenyewe kutoka Kitale.

Simiyu akaeleza, bila kunitazama, kwamba waya ule ni chuma cha kawaida, ukisugulia stenlesi unaacha chembe zisizoonekana, na zinazoshika kutu ni hizo chembe, si rola. Akapaka rola moja dawa ya kutoa kutu, akaisuuza, ikatoka safi. Halafu akatoa ndani ya ndoo ya maji kipande cha stenlesi ileile ya rola, kimelala humo tangu aanze kazi yetu, hakina hata alama.

"Kumbe kutu ilitoka kwa mkwe," mzee wa kanisa akasema, na watu wakacheka, mimi nikatamani ardhi inimeze.

Madam akampa kazi ya rola zingine hapo hapo. Mimi nikaomba msamaha mbele ya wote, na Simiyu akanishika mkono. "Imeisha," akasema. "Lakini mulamwa, si ungenipigia simu tu."

Hilo linaniuma kuliko kile kicheko. Nimeapa sitamshuku mtu tena kabla sijakagua mifuko yangu. Mke wangu haamini, waya wa sufuria ameuficha, na nikimuuliza uko wapi, ananiambia nimpigie kaka yake simu nimuulize.