Mkia Ziwani, Mkia Mlimani

Katika siku zote nilizoshika usukani, mwanangu, iko moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, na nimeshika usukani miaka mingi kuliko umri wako. Siisimulii mara nyingi kwa sababu nusu yake inaniaibisha. Nusu ya pili najivunia mpaka leo, na kwa kuwa nimesikia umekabidhiwa tela lako la kwanza, utazisikia zote mbili. Vuta kiti. Chai ipo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Boti zilishusha watu ufukweni kila siku, wengine kutoka Burundi, wengine kutoka Kongo, akina mama na vifurushi kichwani, wazee wamebebwa mgongoni. Sisi watu wa Ujiji tuliwapokea kwa kile tulichokuwa nacho, maana ni nyumba chache za kwetu zisizo na shangazi au mjomba upande wa pili. Kambi ya muda ikafunguliwa ufukweni, chini ya mlima, mwendo wa saa nzima kutoka mjini kwa barabara ya vumbi. Mahema yalipangwa kwa safu, na njia zilizobaki katikati zilikuwa nyembamba mno.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, dereva wa lori. Nilikuwa nimeshusha kahawa kutoka Kalinzi misimu mitatu, kwenye kona ambazo wenzangu walizipita wakisoma dua, mimi nikipiga mluzi. Maringo yangu yalikuwa hayana kipimo. Nilivaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Cheka tu, ndivyo nilivyokuwa.

Basi shirika lililoniajiri likaletewa nyumba ya magurudumu. Ndiyo, nyumba. Tela jeupe la kuvutwa, lenye mlango, madirisha, taa na sinki la kunawia. Tuliambiwa kwamba huko lilikotoka watu huzikokota nyumba za namna hiyo kwenda kulala porini kwa starehe, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo, mtu mwenye nyumba kwenda kulala porini. Kwetu lilikuwa limebadilishwa ndani, likawekwa kitanda cha kuzalia. Kambini akina mama walikuwa wakijifungulia chini ya turubai, kwenye vumbi, na wiki ileile mama mmoja na mtoto wake walikuwa wamefariki.

Msimamizi wa magari akauliza nani anajua kurudisha tela nyuma. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Mwanangu, sikuwa nimewahi kuvuta tela hata siku moja.

Kulivuta kwenda mbele hakukunipa taabu. Tulifika kambini saa nne asubuhi, watoto wakikimbia pembeni wakishangilia, nami nikapunga mkono kama mbunge. Ndipo nikaona mahali penyewe. Tela lilitakiwa kukaa mwisho wa njia, karibu na tangi la maji, na huko ndani hapakuwa na nafasi ya kugeuzia gari. Ilibidi niingie kinyumenyume. Njia ilikwenda sambamba na ufuko. Upande wa mlima kulikuwa na safu ya mahema yenye watu ndani, na upande wa ziwa kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua uliofika kiunoni.

Aliyesimama nyuma kunielekeza alikuwa mwanamke. Aliitwa Mama Konsolata, mkunga kutoka Burundi, naye mwenyewe mkimbizi, mfupi, kitenge kimefungwa barabara. Nikatoa kichwa dirishani.

"Mama, pisha. Hii kazi ya madereva."

"Mimi ndiye nitafanya kazi humo ndani, mwana wanje," akajibu, yaani mwanangu, kwa Kirundi. "Nataka nilione likiingia. Na ufanye haraka, nina mzazi pale hemani tangu jana, mimba ya kwanza, mtoto anagoma."

Mzazi huyo aliitwa Yudita. Sauti yake niliisikia kutoka nilipokaa, na nakiri ilinifanya niongeze mbwembwe, kama vijana wanavyofanya wakiogopa. Nikaingiza gia ya nyuma.

"Kulia!" akaita Mama Konsolata. "Kulia kidogo!"

Nikakata usukani kulia. Kwenye lori lisilo na tela ukirudi nyuma, ukikata kulia mkia nao unakwenda kulia. Tela ni kinyume, wewe sasa unajua, umefundishwa. Mimi sikufundishwa na sikuuliza. Mkia ukaenda kushoto, upande wa mtaro. "Kulia!" akapaza sauti. Nikakata zaidi. "Kulia, kulia! Hagarara!" Simama, kwa Kirundi. Neno hilo hata mimi nililijua, kwa Kiha ni hilohilo, lakini mguu ulichelewa. Gurudumu moja likatumbukia, nyumba nzima ikainama upande wa ziwa, na humo ndani nikasikia chupa zikipasuka.

Sasa sikiliza aibu yenyewe, maana mpaka hapo ilikuwa ajali tu. Niliteremka nikiwa nimeshajua moyoni kwamba kosa ni langu. Nilikuwa nimeliona tela kwenye kioo likikimbilia nisikokata. Pamoja na hayo nikanyoosha kidole mbele ya watu wote na kupiga kelele, "Huyu mama hajui kulia wala kushoto! Mmeniletea mtu wa namna gani?" Na watu wakamgeukia yeye. Mimi nilikuwa dereva mwenye miwani, yeye mkimbizi aliyeshuka kwenye boti mwezi uliopita. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetikisa kichwa kabisa, kumsikitikia kwa ujinga wake.

Yeye hakupaza sauti. Akanisogelea mpaka nikalazimika kumtazama.

"Ulikata wapi?"

"Kulia, kama ulivyosema!"

"Na lenyewe likaenda wapi?"

Nikautazama mtaro.

"Umewahi kuendesha kitu hiki?"

Yudita akalia tena hemani, safari hii kwa sauti iliyochoka. Mama Konsolata hakugeuka. Akaendelea kunitazama, akasema maneno niliyoyashika mpaka leo. "Mimi nikiwa sijui, namwita mwenzangu. Nikijifanya najua, mtu anakufa mikononi mwangu. Na wewe leo hukubeba magunia ya kahawa. Umebeba kitanda cha yule unayemsikia."

Nikavua miwani. Mwanangu, nimepita kona za Kalinzi na mvua, breki zimelowa, lakini kitu kizito kuliko vyote nilivyowahi kusogeza ni ulimi wangu siku ile.

"Sijawahi, mama," nikasema, na nikasema kwa sauti, yule mzee asikie. "Wewe ulielekeza sawasawa. Kosa ni langu. Nisamehe."

Hakunicheka. Akaita watu. Wakaja wanaume kama ishirini, Warundi, Wakongo na wavuvi wa kwetu, wakatia magogo na mawe chini ya gurudumu, wakainua kwa mabega huku nikivuta mbele taratibu, mpaka likatoka. Bahati, chuma hakikupinda.

Tukaenda kwenye uwazi mwanzoni mwa njia, na hapo akaniambia, "Kulia na kushoto tuviache, vinatuchanganya. Ziwa liko pale. Mlima uko pale. Haviendi popote. Mimi nitakwambia mkia uende wapi, basi. Usukani ni wako, ukate unavyoona, lakini kidogo kidogo. Na usiponiona kwenye kioo, simama."

Nikajiona mjinga mara ya pili. Sisi wa mwambao huu tumelelewa hivyohivyo! Bibi yangu aliniambia nina ugali kwenye shavu la mlimani, na mkeka wake ulitandikwa upande wa ziwa. Mama Konsolata naye alikua kwenye ziwa hilihili, upande uleule wa jua linakochomoza, huko Burundi. Lugha hiyo tulikuwa nayo sote wawili, mimi nikaizika chini ya maringo ya leseni.

Nikajaribu pale kwenye uwazi mara tatu, nne. Nikikata mlimani, mkia unakwenda ziwani. Nikikata ziwani, mkia unakwenda mlimani. Nikazidisha mara moja likaanza kujikunja, nikasogea mbele, nikalinyoosha, nikaanza upya. Dakika chache tu, nazo ndizo nilizopaswa kuziomba tangu asubuhi.

Kisha tukaingia.

"Mkia ziwani. Kidogo. Basi. Acha hapo, njoo, njoo. Mkia mlimani, buhoro, buhoro." Polepole, kwa Kirundi. Nilimwona kwenye kioo akitembea kinyumenyume, mikono hewani. Tulipofika penye wembamba, ukunga wake ukamtoka mdomoni bila kukusudia. "Usisukume! Pumua. Pumzika kwanza. Haya sasa, sukuma kidogo, kidogo!" Akina mama wote wakaangua kicheko, nami nikacheka mle ndani jasho likinitiririka, huku nikisukuma nilipoambiwa nisukume. Kati ya ukuta wa tela na kamba za mahema ilibaki shibiri moja. Shibiri, mwanangu! Upande wa mtaro haikufika mbili.

"Hagarara!"

Mguu ulikuwa tayari umeshakanyaga breki. Niliposhuka kuangalia, lilikuwa limenyooka sawasawa, mlango ukitazama palepale alipotaka. Nimeendesha hadi nchi za mbali baada ya hapo na sijawahi kuingiza gari mahali popote vizuri kuliko pale. Najisifu, ndiyo. Uzee unaniruhusu.

Yudita akabebwa ndani na mlango ukafungwa. Nikabaki nje naweka mawe kwenye magurudumu, nikiyarekebisha yaliyokwisha kukaa vizuri, ili tu nisiondoke. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa mtoto alipolia. Mama Konsolata akatoka baadaye, mikono ingali na maji, akaegemea ukuta wa tela karibu nami.

"Alijifunga kitovu shingoni, mara mbili," akasema. "Chini ya turubai nisingekiona. Taa imenionyesha." Akanigonga begani. "Umeegesha vizuri, mwana wanje."

Nikaenda nyuma ya lori, nikalia. Hilo nalo sioni haya kukuambia.

Basi nisikilize. Kabla ya kurudisha tela nyuma, teremka utazame kwa macho yako. Kubalianeni maneno na anayekuelekeza kabla gurudumu halijazunguka, muelewane mnasema mkia au usukani. Ukimpoteza kwenye kioo, simama, hata nyuma wakipiga honi. Na usitazame amevaa nini au ametoka wapi. Yeye anaona mahali ambapo wewe huoni, basi huyo ndiye mkubwa wako mpaka uzime gari. Usilolijua, liseme mapema, pale linapokugharimu kicheko tu. Ukikosea, kosa libebe mwenyewe, na usimtwike mtu ambaye hakuna atakayemwamini akijitetea. Watu hunisifu kwa ile shibiri moja. Mimi mwenyewe, nikikaa peke yangu, ninachojivunia zaidi ni kwamba nilisema "nisamehe" wakati yule mzee na wenziwe wote bado walikuwa wamesimama pale wanasikia.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe mtu mkweli wa kukutazamia nyuma, na akupe moyo wa kumsikia. Akurudishe nyumbani mzima, wewe na kila utakayembeba. Amina.