Muhogo Tuliouita kwa Jina la Dereva

Kwetu Sikuda, upande wa Uganda, mbegu mpya hupewa jina la aliyeileta. Yapo maharagwe yanayoitwa kwa jina la shemeji yangu kwa sababu aliyabeba kichwani kutoka Busia ya Kenya. Yalikotoka kabla ya hapo hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo pikapu ya kampuni ya mbegu ilipotuletea vijiti vya muhogo usiooza ndani, tuliuita kwa jina la dereva. Alikuwa mcheshi, akishusha vijiti huku akitutania. Kampuni haikutuambia nani aliutengeneza.

Krismasi akaja mjukuu wangu niliyemlea, msomi wa mimea. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imefunga ofisi yake ya Tororo, hana kazi, na chuo kimoja kilikuwa kimemwita kwenye usaili. Nilimpeleka shambani. Akang'oa shina moja, akavunja muhogo na kuutazama ndani. Mweupe. Akachuchumaa.

"Huu mnauitaje, Nyanya?"

Nikamtajia. Alicheka mpaka machozi yakatoka, kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

"Huu muhogo ndio kazi niliyokuwa nafanya miaka yote ile nikikosa kuja hata kwa matanga."

"Basi waambie hao wa chuo."

"Nilitia sahihi kwamba sitasema. Nikisema, nitashtakiwa. Halafu tulikuwa wengi, siwezi kusimama niseme ni wangu."

"Mimi nitasema. Mimi sikutia sahihi popote."

"Watajua umetoa wapi. Nyamaza, Nyanya. Niahidi."

Nikaahidi. Si jambo ninalolipenda, kunyamaza.

Wiki hiyo tulikuwa tunamenya muhogo kwa jirani, wanawake wakimsifu dereva. Mke mwenzangu akanigeukia.

"Na huyu mjukuu wako, Mama, amesoma mpaka macho yakachoka. Ametuletea nini? Hata mche wa sukuma wiki?"

Wakacheka. Kisu kilikuwa mkononi, nikaendelea kumenya.

Kwenye usaili walimwuliza miaka ile alikuwa anafanya nini. Akasema utafiti. Utafiti gani? Haruhusiwi kusema. Umeuchapisha wapi? Hakuna. Mmoja akamwuliza kwa upole kama alikuwa mgonjwa, au alikuwa nyumbani analea watoto. Hakuwa na ubaya, yule mtu. Alikuwa anamtafutia sababu.

Kazi akapewa mwingine.

Siku hizi mjukuu wangu anavuka mpaka kila asubuhi na wachuuzi, anafundisha kilimo shule moja ya upande wa Kenya. Akirudi anavua viatu, anakaa jikoni kwangu. Jana nilimwambia aombe tena, vyuo ni vingi.

"Swali litakuwa lile lile," akasema, "na miaka ya kueleza itakuwa imeongezeka."

Nikamsogezea sahani. Nikamwambia ale.