Matambara ya Mashine

Naandika haya karaha ikiwa bado haijanitoka. Filamu yetu ndogo ilimhusu mama mmoja mjane kutoka Djugu, aliyekimbia vita Jumapili moja akitoka kanisani kuimba, na sasa anaishi kambini hapa Bunia, mkoani Ituri. Kazi yangu ilikuwa kuchora kila picha kwa penseli kabla kamera haijawashwa, ili tujue itasimama wapi na itaona nini. Nilimchora kama alivyotusimulia: anateremka kilima mbio, amevaa sare yake ya kwaya, kitenge cha buluu kilichopigwa pasi.

Mwongozaji akasema penseli inatuchelewesha. Akafungua kompyuta, akaiandikia akili bandia maneno machache ya Kifaransa: mjane, mkimbizi, Ituri. Kufumba na kufumbua tukawa na picha ishirini, na zote zilinichukiza. Vilima vyetu vya kijani vimegeuzwa jangwa. Mama amevishwa matambara, bega nje, macho ya kuombaomba. Nikasema huyo si yeye. Akanijibu kwamba wafadhili wameshaziona na wamezipenda, kwa hiyo tutapiga hivyo hivyo. Nikafyata mkia, na hilo linanichukiza kuliko picha zenyewe.

Asubuhi ya kazi mama alikuja na sare ile ile aliyokimbia nayo, imefuliwa, imenyooka. Kwetu nani anasimama mbele ya kamera bila nguo yake nzuri? Mwongozaji hata hakumsalimia vizuri. Alinitupia gauni kuukuu, akaniambia nimbadilishe afanane na picha. Gauni lilikuwa zima, nikalichana begani kwa mkasi. Hakuna aliyenituma kulichana.

Mama alilitazama gauni, kisha akazitazama zile picha kwenye kompyuta. Akaniuliza taratibu kama huyo wa pichani ndiye yeye: "Uyu njo miye?"

Nikamwambia gauni ni la filamu tu, atalivua tukimaliza. Niliyasema hayo kwa adabu zote, gauni mkononi.

Hakugomba. Alikaza kitenge chake kiunoni, akaelekea mlangoni, na huko akageuka.

"Bale benye kuchoma nyumba yangu habakunivua nguo," akasema. "Ni weye njo unataka kunivua, mutoto wangu."