Barua Niliyoifuta Kwenye Foleni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio na ufunguo wa chumba cha jenereta. Ilikuwa Tarime mjini, kwenye ofisi ya shirika dogo la afya. Nimesoma hadi darasa la nne, kule kwetu Susuni, na sijawahi kulificha hilo. Lile jenereta liliwashinda wenye vyeti. Mimi nililiwasha kabla chai haijapoa.

Chumba cha pili kilikuwa cha seva. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, haizimwi. Yetu ilikuwa ya Linux, haina picha wala vitu vya kubofya. Ni kioo cheusi, unaandika amri kwa herufi, inatii au inakukatalia.

Mhandisi wa Mitambo aliniona nachungulia.

"Marwa, unajua kusoma?"

"Najua."

"Na Kiingereza?"

"Hapana."

"Vizuri. Na seva yeye hajui Kiswahili. Mtaheshimiana."

Akanifundisha kutuma barua pepe. Unaandika mail, halafu -s na kichwa cha habari ndani ya alama za kunukuu, halafu anwani ya mpokeaji. Unabonyeza Enta, unaandika barua yako. Ukimaliza, unaweka nukta peke yake kwenye mstari wake, Enta tena. Basi. Mashine haisemi asante. Inanyamaza.

"Ikinyamaza imepokea," Mhandisi alisema. "Lakini kupokea siyo kufikisha. Kila ukituma, andika mailq uone foleni. Barua isiyoondoka utaikuta humo."

Niliyaandika yote kwenye daftari. La kutuma nikalishika, la kuangalia foleni nikalidharau. Kwetu ukimpelekea mzee ujumbe akanyamaza, umepokelewa; akikataa utamsikia. Kurudi nyuma kuchungulia kama kasikia ni kumtukana. Basi na mashine nikaitendea hivyo, kama mzee wa ukoo. Na nisidanganye, kilikuwa pia kiburi. Kuangalia foleni niliona ni kazi ya watu wasioamini mikono yao.

Baadaye nikahamishiwa ofisi yetu ya Mugumu, seva yote chini yangu. Bosi wangu alikuwa Mratibu, mama mpole mwenye haraka. Wageni wakija alikuwa akiwaambia, "Huyu mzee hana cheti hata kimoja, lakini barua zetu zote zinapita mkononi mwake." Nilikuwa natembea kifua mbele kama dume la ng'ombe mnadani.

Mwaka mmoja madaktari wa macho walipanga kuja kufanya upasuaji wa mtoto wa jicho. Kila kata ilitakiwa ilete majina kabla ya Ijumaa jioni. Jumatatu gari lao lingepita kuchukua wale tu waliomo kwenye orodha, na Jumatano wangefunga kazi. Machochwe walileta majina kumi na moja. La kwanza lilikuwa la Mama Ghati, mkulima, aliyekuwa haoni tena ila mwanga wa mlango. Mumewe alikuwa mgonjwa kitandani.

"Marwa mwanangu," aliniambia siku walipoyaleta, "mume wangu anaondoka. Nataka nimwone kabla."

"Mama, hesabu kwamba orodha imekwenda."

Ijumaa saa nne asubuhi nikaituma kwa madaktari. Mashine ikanyamaza. Jioni nikafunga mlango, nikaenda zangu nyumbani Susuni.

Jumatatu asubuhi nilikuta chaja ya simu yangu kwenye soketi ya kifaa cha intaneti. Ijumaa ile niliking'oa nichaji simu, nikasahau. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, niliandika mailq. Orodha ya Machochwe ilikuwa imekaa pale, haijaondoka hatua moja.

Simu ikalia. Mratibu.

"Mzee Marwa, orodha ya Machochwe ilikwenda? Gari limewapita, watu wako barabarani tangu alfajiri."

"Ilikwenda Ijumaa, saa nne."

"Madaktari wanasema hawajaiona."

"Hao madaktari wa macho waanze kujipima wenyewe."

Akacheka. Na mimi nikacheka.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaokuja nyuma yangu. Kilichotakiwa ni kukirudisha kile kifaa kwenye umeme. Barua ingeondoka yenyewe, na zilibaki siku mbili za gari kuwarudia. Lakini barua pepe hubeba alama za saa za kila mahali ilipopita. Wangeona ilikaa kwangu tangu Ijumaa. Kwa hiyo niliandika postsuper -d, namba ya ile barua, Enta. Hiyo ni amri ya kufuta kwenye foleni. Mashine ikanitii. Ndipo nikarudisha intaneti.

Machochwe watu walikuja juu, wakasema mzee wa seva hajatuma. Mama Ghati akasimama mkutanoni akanitetea: "Marwa akisema ilikwenda, ilikwenda." Mumewe alifariki kabla madaktari hawajarudi. Mama Ghati alimuaga kwa kumpapasa uso.

Madaktari walirudi mwaka uliofuata, mama akapasuliwa, akaona. Nilipostaafu, Mratibu akanisifu mbele ya watu, eti sijawahi kupoteza barua. Nilipiga makofi pamoja nao.

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki hadi Machochwe. Nilimkuta Mama Ghati anaanika mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Marwa! Kumbe una mvi hivi?"

Nikamweleza yote: chaja, foleni, na kufuta. Akaendelea kutandaza mtama mpaka ukaisha mkononi.

"Kuchomoa waya ni usahaulifu," alisema. "Ungeniambia siku ile, ningekutukana tukamaliza, na ningemwona mzee wangu. Sasa nimekutetea mbele ya kijiji kizima. Utakwenda kuwaambia wewe, au niende mimi nionekane mwongo?"

"Nitakwenda mimi."

"Lini?"

Nikainama, nikaanza kuokota punje za mtama zilizodondoka.

"Usininyamazie, Marwa. Mimi siyo mashine."

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi hii. Nimeandika haya kwanza ili nisipate njia ya kurudi. Nitasimama mbele yao, Mama Ghati akiwa ameketi mbele, akinitazama kwa macho yake mawili.