Zawadi Niliyoifunga Kila Krismasi

Herufi zangu zinalala upande kama mtama uliopigwa na upepo, na elimu yangu iliishia darasa la saba. Kurasa hizi nimeziandika polepole, nikifuta na kurudia. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni tu kama mnavyoona lilitaka kuwa. Vijana wa hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, huniuliza nilifanya kazi gani zamani. Nikiwajibu kwamba nilikuwa mfunga zawadi, wanacheka wakidhani nawatania. Ilikuwa kazi, na niliifanya mpaka vidole vikakataa.

Nilianza miaka ya sitini ikielekea ukingoni, katika duka la nguo na viatu karibu na stesheni ya Shinyanga. Siku ya kwanza Bwana Meneja aliniweka kaunta. Mteja akaniuliza bei ya shuka, nami nikatazama sakafu. Akauliza tena, nikazidi kuitazama sakafu.

"Meneja," yule mteja akasema, "huyu binti amekuja na ulimi, au ulimi unafuata na treni ya kesho?"

Duka zima lilicheka. Bwana Meneja hakucheka. Alinionyesha mlango wa chumba cha nyuma, akaniambia, "Nenda kwa Mama Msimamizi. Kule vitu havikuulizi bei."

Mama Msimamizi alikuwa mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Desemba ilipokaribia, wakubwa wa kinu cha pamba, masista wa misheni na wafanyabiashara waliagiza zawadi za Krismasi, na yeye ndiye aliyezifunga. Alinifundisha kulipima boksi kwa uzi kabla ya kugusa mkasi, maana karatasi ikishakatwa haiungiki. Ukingo wa karatasi hukunjwa kwanza upana wa kidole, ili palipokatwa pasionekane. Kona hukandamizwa kwa ukucha wa gumba. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, uliopakwa kwa unyoya wa kuku.

Ua la utepe lilinisumbua majuma mengi. Utepe unauzungusha kwenye vidole vinne, unaukata kidogo katikati kila upande, unafunga uzi hapo ulipokata. Kisha unavuta vitanzi kutoka ndani, kimoja kulia, kingine kushoto, ukivisokota kidogo, mpaka ua linachanua. Ukivuta kwa pupa linakuwa kama kiota cha kunguru.

Lakini alichokisisitiza kuliko vyote kilikuwa fundo.

"Fundo la zawadi si la kufungia ndama," aliniambia. "Lishike njiani kote, lakini mwenye zawadi akivuta ncha moja tu lifunguke. Mtu akitafuta kisu kufungua zawadi yako, hukufunga zawadi, umefunga mzigo."

Nilikuwa na kaka mmoja, Masanja, kifungua mimba wa mama yetu. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama aliitwa Mama Masanja na kila mtu, hata padri. Masanja alikuwa amekwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu. Wakati ule wachimbaji walichimba kwa kujificha, kwa hiyo hatukujua shimo lake liko wapi. Mwaka wangu wa nne kazini, mvua zilipokaribia, alikuja nyumbani siku chache, na siku ya kuondoka akapita dukani.

"Kabula, bado hujang'atwa na wateja?" alinitania.

"Kaka, sema polepole."

Alitoa mfukoni bua kavu la unyasi, lililokatwa ncha zote mbili. "Huu ni mguu wa mama. Nimempima jana amelala. Nitafutie viatu vya urefu huu. Vya ngozi, vyenye kifungo pembeni, kama vya wake za wakubwa."

Mama hakuwahi kuvaa viatu vya dukani. Alivaa makatambuga, vile vya tairi, na moja lilikuwa limekatika ukanda akaliunga kwa waya. Tulipata viatu vyeusi, bua likaingia ndani sawasawa. Masanja aliliacha humohumo ndani ya kiatu cha kushoto, nami nikafunga boksi kwa karatasi nyekundu na utepe mweupe.

"Mpelekee akae nalo," alisema. "Mwambie asifungue mpaka nije Krismasi. Nataka nimwone uso wake."

Nilimpelekea. Mama alilipokea boksi kwa mikono miwili, akaliweka juu ya sanduku lake la nguo. Krismasi ilikuja, Masanja hakuja. Januari hakuja. Pasaka hakuja.

Krismasi iliyofuata nilikuta mende wamekula karatasi kwenye kona. Nikamwambia, "Mayu," maana ndivyo tulivyomwita mama kwa Kisukuma, "fungua tu. Kaka hatakasirika."

"Alisema nisifungue. Wewe si ndiye mfungaji? Badilisha karatasi."

"Utaona kilichomo."

"Nitageuka."

Akageuka, akautazama ukuta. Nilivua karatasi ya zamani, nikafunga mpya, nikatengeneza ua jingine. "Tayari, mayu." Ndipo akageuka. Siku ile ile tulikwenda misani, mvua imenyesha usiku, na yale makatambuga yakawa yananasa kwenye tope. Kila lilipobaki nyuma alisimama, akalivuta, akapiga magoti kidogo, akalivaa tena. Mimi nilijua kilichokuwa juu ya sanduku. Nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake vilivyopasuka.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kahama. Bwana Mkuu wa Tawi alikuwa askari mstaafu aliyependa haraka. "Kabula, funga! Wateja wa hapa Nyasubi hawanunui maua, wananunua mchele!" Lakini wake za wafanyabiashara wa mchele walipenda maua kuliko wake za wakubwa wa Shinyanga. Ndipo ukaja wakati wa uhaba. Karatasi za rangi zikapotea, kisha utepe, kisha hata unga wa ngano. Tulifunga kwa karatasi za kaki. Kaki zilipoisha tukachana mifuko ya saruji, tukachukua ile karatasi ya ndani iliyo safi. Utepe nilikata kutoka kwenye marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, nikauchovya katika maji ya muhogo ili ukakamae, nikautia rangi ile wanayotumia wasuka mikeka. Mkonge ukichanwa vizuri hutoa ua ambalo mtu aweza kulidhania hariri kwa mbali.

Kila Krismasi nilipanda basi kurudi Ngokolo na karatasi ya mwaka huo. Mama aligeukia ukuta, nami nikafunga. Boksi lilivaa kaki, likavaa saruji, mwaka mmoja likavaa gazeti.

Walipotaka mtu wa kwenda tawi dogo la Geita, wenzangu walikataa. Mimi, niliyekuwa siwezi kutaja bei ya shuka, niliinua mkono. Bwana Mkuu wa Tawi akanitazama. "Wewe? Kule wachimbaji watakutafuna mzima."

"Nina mtu huko," nilisema.

Wachimbaji walikuwa wateja wa kelele. "Dada, weka ua kubwa kama sufuria, mke wangu ajue mwaka huu nimepata!" Mwingine anadakia, "Ulichopata ni malaria, nayo utaifungia ua?" Nilifunga, na kila mmoja nilimuuliza kama anamjua Masanja wa Ngokolo.

"Dada, huku Masanja wamejaa kama mawe," walinijibu. "Shimoni tunaitana kwa majina mengine. Lake lipi?"

Sikulijua. Nilieleza tu kwamba anacheka kwa sauti, na anapenda kupima vitu kwa bua la unyasi. Wengi walitikisa kichwa. Siku moja mzee mmoja aliyekuja kununua kibiriti aliacha kuhesabu njiti zake.

"Huyo tulimwita Rula," alisema. "Alipima hata ugali kabla ya kugawana."

"Yuko wapi, shikamoo mzee?" Salamu nilikuwa nimeisahau, ikatoka katikati.

"Marahaba, mwanangu. Shimo lao lilititia mvua zilipoanza, siku chache tu baada ya yeye kurudi kutoka kwao. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta maji. Nilivyorudi, watu walikuwa wamekimbia kuwaogopa askari. Wapo waliotolewa. Kama yeye alikuwa mmoja wao, sikuambiwa."

Zilikuwa mvua zilezile, za mwaka wa viatu.

Krismasi ile nilimweleza mama yote, nimekaa chini miguuni pake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umemwona?" aliuliza.

"Hapana, mayu."

"Huyo mzee alimwona akizikwa?"

"Hapana."

"Basi leta karatasi."

Akageukia ukuta. Kona moja ilikaa vibaya. Nilirudia.

Tawi la Geita lilifungwa, nikarudishwa Shinyanga. Mama Msimamizi alikuwa amekwisha kuzikwa. Bwana Meneja alikuwa amezeeka. Mama yangu naye alianza kuvimba miguu, kisha akawa haamki kitandani. Haikuwa Krismasi. Ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa kila mahali. Aliniita.

"Kabula, lete zawadi yangu."

Nililiweka boksi tumboni pake. Vidole vyake havikuwa na nguvu hata ya kushika kijiko. Alivuta ncha moja, fundo likafunguka.

Hakutazama viatu kwanza. Alitia mkono ndani ya kile cha kushoto, akatoa bua. Akaniambia niliweke kwenye wayo wake. Urefu ulikuwa uleule, ila mguu ulikuwa umejaa maji, na ngozi ya kiatu imekakamaa kama gome. Hakikuingia hata vidole.

"Urefu ni wenyewe," alisema.

"Alikupima umelala, mayu."

"Nilikuwa macho."

Sikuelewa. Akaendelea polepole, "Alinitekenya na lile bua nikajikaza nisicheke. Nilijua ni viatu tangu siku hiyo, mwanangu."

"Kwa nini basi hukuvivaa miaka yote?"

"Alitaka kuniona uso. Ningeufurahisha uso mbele ya nani?"

Alilirudisha bua ndani ya kiatu. Kisha akajigeuza kwa shida, akautazama ukuta. "Funga," akasema. "Akija, mwambie nilifurahi. Wewe uliniona."

Alifariki kabla ya mvua. Kaburini alikwenda miguu mitupu.

Sasa nimestaafu. Siku hizi maua ya zawadi yanauzwa tayari, ya plastiki, unabandika tu, na zawadi zinatiwa kwenye mifuko inayong'aa. Sina ubaya nayo, watu wana haraka. Nawaomba tu, mkifunga kitu kwa ajili ya mtu, kunjeni ule ukingo uliokatwa.

Na ninyi mnaosoma, kama kuna mmoja wenu ambaye baba au babu yake alichimba upande wa Geita, naye akawahi kumtaja mtu aliyeitwa Rula, niandikieni. Msiogope mwandiko, wangu mmeuona. Mkisikia alizikwa, nitajieni mahali. Mkisikia yuko hai, mwambieni boksi lipo juu ya sanduku la mama, karatasi ya mwaka huu ni ya buluu, na fundo ni la kuvuta ncha moja tu.